Betri Kuukuu na Kijiji cha Owino Uhuru

Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za chombo ambacho wengi wenu mnakijua: betri ya gari, ile inayowasha pia taa, redio na televisheni mahali pasipofika nguzo za umeme. Ikiwa nzima, twaitunza. Je, ikifa huenda wapi?

Betri ya namna hii ilivumbuliwa mwaka 1859 na Mfaransa mmoja, jina lake Gaston Planté. Ndani yake mna sahani za madini yaitwayo risasi, nazo zimo katika maji ya asidi. Litazameni neno hili, risasi. Ndilo jina la kile kitokacho katika bunduki, maana nacho hutengenezwa kwa madini haya haya. Risasi ni nzito, ni laini, na huyeyuka upesi motoni. Kwa hiyo betri iliyokufa si takataka. Ina kilo kadhaa za risasi, nayo yaweza kuyeyushwa na kutengenezewa betri mpya. Kazi hiyo ina faida, na katika viwanda vyenye mitambo ya kuzuia moshi na vumbi hufanywa kila siku.

Lakini risasi ni sumu. Mtoto akivuta vumbi lake, au akila kwa mikono iliyoshika udongo wenye vumbi hilo, sumu huingia katika damu na kuudhuru ubongo. Akili iliyoharibika hivyo aghalabu hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Sasa twende Mombasa, nchini Kenya. Huko kuna kijiji cha watu maskini kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianzishwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kando kabisa ya nyumba za watu. Wenyeji walifurahi, kwa sababu walipata kazi. Baadaye wakaanza kuona mambo mengine. Moshi uliingia nyumbani. Maji machafu ya kiwanda yalipita kijijini. Watoto waliugua, na mimba ziliharibika.

Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua sana, na madaktari kwanza hawakujua ugonjwa ni nini. Damu yake ilipopimwa, ilionekana ina risasi. Mtoto huyo hakuwa akifanya kazi kiwandani. Mama yake ndiye aliyefanya kazi huko, naye alikuwa akimnyonyesha. Bibi Omido akaacha kazi. Akaenda kuwaambia majirani, nao watoto wao wakapimwa, ikaonekana kwamba hakuwa peke yake.

Watu wakaandika barua kwa wakubwa. Wakaandamana. Mwaka 2012 Bibi Omido na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa, kisha mahakama ikawaachilia. Hawakunyamaza. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa, na mwaka 2015 Bibi Omido alipewa tuzo ya Goldman, itolewayo kwa watu wanaotetea mazingira.

Lakini kufunga mlango wa kiwanda hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia katika udongo. Risasi haiozi. Basi mwaka 2016 wenyeji walikwenda mahakamani kudai haki yao. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba walipwe shilingi 1,300,000,000 za Kenya, na kwamba udongo na maji visafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikakitengua kiasi hicho cha fedha. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakirudisha. Hesabuni wenyewe: tangu kiwanda kuanza mpaka hukumu hiyo ya mwisho, ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekaribia kuwa mtu mzima.

Wala si Mombasa tu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, watu walivunja betri kuukuu na kuchekecha udongo ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Ndugu wasikilizaji, historia hii yatufundisha nini? Si kwamba betri kuukuu isiguswe kamwe. Yatufundisha kuuliza inafunguliwa wapi, na kwa njia gani. Usiipasue betri uani kwako. Usimwage asidi yake chini. Usiyeyushe risasi katika sufuria ya jikoni. Iweke wima, mbali na watoto, kisha uirudishe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu, nawe umwulize huzipeleka wapi. Redio na televisheni kuukuu nazo zina risasi, katika lehemu ya ndani na katika kioo cha televisheni za zamani. Basi usizichome moto. Na kama kazi yako ni ya betri, nawa mikono, ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Tena kumbukeni jambo hili: watu wa Owino Uhuru walisaidiwa na karatasi, yaani barua walizoandika na majibu ya vipimo. Ukipewa karatasi ya hospitali, isome, uiweke vizuri.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini betri iliyokufa si takataka?
2. Risasi huingiaje katika mwili wa mtoto?
3. Kwa nini kufunga kiwanda hakukutosha?
4. Betri kuukuu za mtaani kwenu hupelekwa wapi? Kaulizeni, mje mwaeleze wenzenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.