Wagoni ndogo yenye kukataa reli ya jirani: somo la Milwaukee, 1935

Wandugu wasomi, leo tuongee treni. Hapana ile kubwa ya kwenda Kalemie. Ile ndogo, yenye kutembea juu ya meza.

Marekani, mwanzo wa miaka ya 1930, watu wazima wengi walikuwa wanajenga treni ndogo kwao nyumbani. Mtu alinunua sanduku ya vipande: mbao nyembamba, vyuma, magurudumu, kulabu za kuunganisha mabehewa, visi, na karatasi ya maelezo. Anakaa mezani magaribi mingi, anakata, anabandika gundi, anapaka rangi. Wagoni inatoka nzuri kabisa.

Kiisha anaiweka kwenye reli. Kwake inazunguka bila shida. Anaipeleka kwa rafiki, kule inaanguka kwenye kona, ao kulabu inakataa kushikana na ya mwenzake. Juu ya nini? Kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake.

Njo maana, mwaka 1935, walikutana katika muji wa Milwaukee na kuanzisha chama, NMRA. Kazi yake kubwa ilikuwa kupatana juu ya vipimo: upana wa reli, nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kimo cha kulabu. Kwa treni za HO, zenye kuwa ndogo mara 87 kuliko za kweli, reli mbili zinaachana milimetre 16.5. Chama kikatoa na kibati cha chuma chenye mikato. Unapimisha magurudumu pale: yakiingia, sawa; yakikataa, unarekebisha. Hakuna kubishana.

Hata uzito ulipangwa. Kwa HO, unaanza na aunsi 1, unaongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Wagoni ya inchi 6, ni kusema santimetre 15 hivi, inafika karibu gramu 113. Ikiwa nyepesi, inaruka kwenye kona. Mjenzi anaficha kipande cha chuma ndani yake.

Kiisha yanakuja majaribio. Unasukuma na kidole polepole, kwenye njia yenye kunyooka, kwenye kona, kwenye maachano ya reli. Mwisho unaifunga katikati ya treni na kurudisha treni nyuma. Pale njo mtihani mkubwa: kosa lenye kujificha wakati wa kuvutwa linaonekana wakati wa kusukumwa.

Matokeo? Fundi mdogo aliweza kuuza magurudumu peke yake, mwingine kulabu peke yake, na vyote vikapatana. Ulaya nayo ikaunda umoja wake, MOROP, mwaka 1954.

Kwetu Congo, ile shida ilikuwa na ukubwa wa kweli. Reli ya Katanga ilikuwa na upana wa milimetre 1067. Ile ya Kabalo mpaka Albertville, Kalemie ya leo, ilikuwa na metre 1. Milimetre 67 peke! Lakini ilibidi kupanua njia nzima, miaka ya 1950, mbele ya wagoni ya Katanga kufika ziwani bila kupakua mizigo.

Sisi wenye diplome tunapenda kila mtu ajenge chake: shirika lake, programu yake, kitabu chake cha hesabu. Inatoka mizuri. Lakini ni nani alishapima kama itatembea kwenye reli ya mwenzake? Tukikutana tena, tuanze na kipimo, rangi itafuata.