Milki Iliyoandikwa kwa Ngeu

Atazamaye sanaa ya wenyeji wa asili wa Australia kwa mara ya kwanza hudhani aghalabu kuwa yote ni nukta. Wala si ajabu, kwani nukta ndizo zilizopata shuhura tangu mwaka 1971, wazee wa Papunya, katika jangwa la kati, walipoanza kuhamishia juu ya mbao michoro ya ibada ambayo kabla ya hapo ilichorwa mchangani na miilini.

Lakini huko Kimberley, kaskazini-magharibi, Wangarinyin na jirani zao huchora miambani sura za Wandjina, wenye mamlaka ya mvua, macho makubwa na kinywa hawana. Magharibi ya Arnhem Land, Wakunwinjku humchora samaki hata mifupa na matumbo yake yakaonekana. Na mashariki ya nchi hiyo hiyo Wayolngu hulijaza gome zima kwa mistari myembamba iliyokatizana.

Gome hubanduliwa mkaratusini majira ya mvua, likapashwa moto, likalazwa chini ya mawe hata likanyooka. Rangi za asili ni nne: ngeu, udongo wa manjano, udongo mweupe na makaa; na brashi ya mistari ile ni nywele chache za binadamu zilizofungwa kwenye kijiti.

Mistari hiyo si pambo, nami naona hapo ndipo wakusanyaji wengi wa awali walipoghafilika. Kila ukoo una nakshi yake, na asiye wa ukoo haichori ila kwa idhini. Vijimraba vilivyosimama kwa pembe vya Wagumatj, ukoo mmoja wa Wayolngu, kwa mfano, ni moto uliomuunguza Bäru, mamba wa asili yao. Mwenye kuichora nakshi hiyo anadai nchi alikopita mamba huyo.

Kwa hiyo serikali ilipoimega ardhi ya Yirrkala, katika nchi ya Wayolngu, mwaka 1963 kwa ajili ya machimbo ya boksiti, wazee waliipelekea bunge la Canberra arzihali iliyopigwa taipu kwa lugha yao na kwa Kiingereza, ikabandikwa juu ya magome yaliyozungushiwa nakshi za koo zao. Baadaye walikwenda mahakamani, na mwaka 1971 mahakama ililikataa dai lao. Nchi kavu walirudishiwa kwa sheria ya mwaka 1976. Bahari ilibaki na mzozo, hata mwaka 1996 kilipokutwa kichwa cha mamba kilichokatwa, katika kambi ya wavuvi haramu, mahali patakatifu pa Bäru. Wachoraji wakajibu kwa magome 80 yaliyoonyesha maji ya kila ukoo, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia ikahukumu kwamba katika maji yanayokupwa na kujaa juu ya ardhi yao hapana mvuvi aingiaye bila ruhusa ya wenyewe.