Daftari la Babu: Jinsi Matokeo ya Uchaguzi Yalivyowafikia Wananchi

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza swali ambalo sikulitendea haki. Alitaka kujua: kabla ya simu za mkononi, watu wa vijijini walijuaje nani ameshinda uchaguzi, na walijuaje kwamba walichoambiwa ni kweli? Nilimjibu kwa sentensi mbili kuhusu redio, nikaendelea na somo. Nilipofika nyumbani jioni nikakumbuka kwamba jibu refu ninalo kabatini, limefungwa kwa kamba ya katani.

Ni daftari la marehemu babu yangu mzaa baba. Alikuwa karani katika stesheni ya Gulwe, wilayani Mpwapwa, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki. Kazi yake ilimfundisha kuandika kila kitu: saa ya treni kupita, idadi ya magunia, jina la aliyepokea. Tabia hiyo aliihamishia kwenye siasa. Kuanzia mwaka 1965 kila uchaguzi ulipofika alichora safu, akaandika majina na tarakimu kama alivyozisikia, na pembeni akaweka alama kuonyesha habari ilitoka wapi: redio, gazeti, au mtu aliyeshuka kwenye treni.

Kabla ya daftari hilo kuanza, kulikuwa na uchaguzi ambao babu hakuuandika kwa sababu haukumhusu. Mwaka 1958 na 1959 serikali ya kikoloni iliendesha uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Ili kuandikishwa ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Kwa masharti hayo sehemu kubwa ya Ugogo ilikuwa nje ya mlango. Matokeo yalitangazwa na maofisa wa serikali, yakachapishwa magazetini, na wasiojua kusoma wakayapata kwa kusomewa. Yalikuwa habari ya wachache iliyosimuliwa kwa wengi. Hata hivyo wengi waliipokea kama yao, kwa kuwa TANU, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 kukubali kushiriki, iliwashinda UTP vibaya sana.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulileta aina nyingine ya tangazo ambayo tunaifahamu mpaka leo. Kati ya viti 71, 58 vilipata mbunge bila kupingwa. Kwa wananchi wa majimbo hayo matokeo yalijulikana kabla ya siku ya kura, na hapakuwa na masanduku ya kuhesabu. TANU ilipata viti 70. Kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama bila baraka za chama. Ng'ambo ya bahari, Januari 1961, Wazanzibari walisikia tangazo la namna nyingine kabisa: jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa ASP kwa tofauti ya kura moja. Fikiria uzito wa sentensi hiyo inapotoka kinywani mwa msimamizi mbele ya umati wa pande mbili. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni, ghasia ziliua watu 68.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa Septemba 1965. Nchi ilikuwa imeingia katika mfumo wa chama kimoja, na shirika la utangazaji lilikuwa limegeuzwa mwaka huohuo kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Mtu angetarajia matangazo ya kuchosha. Lakini katika majimbo mengi wanachama wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma asipotee. Babu ameandika J na N juu ya safu zake. Masanduku yalisafirishwa kutoka vituoni hadi makao makuu ya wilaya, kura zikahesabiwa huko, na hesabu ikapelekwa Dar es Salaam. Katika nyanda hizi za kati, palipo na barabara za vumbi na makorongo ambayo mvua ikinyesha hayapitiki, safari hiyo ilikuwa sehemu ya uchaguzi kama ilivyokuwa kupiga kura kwenyewe. Matokeo yalikuja jimbo moja moja, siku baada ya siku. Baba yangu husimulia kwamba watu walikuja stesheni si kupanda treni bali kumuuliza karani kama waya umeleta neno.

Mstari mmoja katika ukurasa huo umepigiwa chini mara mbili: Bomani ameanguka. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba kule Usukumani, na wapiga kura wake walimwangusha. Redio ya serikali ikatangaza kwamba waziri wa serikali ameshindwa. Baadaye Rais alimrudisha bungeni kwa kumteua, na babu hakusahau kuliandika hilo pia, bila neno la ziada.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoukumbuka wakati ule kwa machozi ya furaha, na vilevile na wanaouona kuwa maigizo matupu. Kwa upande wa urais, tangazo halikuwa habari. Mgombea alikuwa mmoja. Ulimkubali au ulimkataa, na mwaka 1965 zaidi ya asilimia 96 walimkubali. Katika daftari matokeo ya urais yameandikwa kwa mstari mmoja chini kabisa, kama mtu anayejaza tarehe. Kurasa nzima ni za wabunge. Kwa karibu miaka 30 msikilizaji wa kijijini alitega sikio kwa ajili ya jimbo lake na majimbo ya jirani, kwa sababu huko ndiko jambo lisilojulikana lilikotokea.

Mimi mwenyewe nimeuona mwisho wa zama hizo. Oktoba 1990 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuanika betri za redio juu ya paa la tembe tangu asubuhi, ili zipate nguvu ya kuvumilia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ngoma ya taarifa ilipolia watu wazima walinyamaza, na babu, akiwa amestaafu, alinyoosha penseli. Betri zilipofifia alisogeza sikio kwenye kipaza sauti na kurudia tarakimu kwa sauti ili sisi wengine tusipitwe. Kama alikosea, kuna mtu aliyemsahihisha, kwa kuwa ndugu wa fulani alikuwa Mpwapwa mjini wakati kura zinahesabiwa na alikwisha kurudi na habari. Hilo ndilo lililokuwa jibu la sehemu ya pili ya swali la mwanafunzi wangu. Redio ilisema, na mtu aliyekuwepo alithibitisha au alitikisa kichwa.

Mwaka 1995 ulibadili mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilitokea hapa Dodoma mwezi Julai, katika ukumbi wa Chimwaga, ambao leo umo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. CCM ilikuwa inamtafuta mgombea urais. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza. Katika ya pili Benjamin Mkapa akampita kwa kura 686 dhidi ya 639. Kikwete alikubali hadharani. Kwa mara ya kwanza jina la rais ajaye lilikuwa na shaka, na shaka hiyo ikamalizwa kwa hesabu.

La pili ni uchaguzi wenyewe, Oktoba 29. Matokeo ya urais sasa yalikuwa ya kusubiriwa. Jijini Dar es Salaam vifaa vilichelewa au kukosekana kabisa, upigaji kura ukafutwa na kurudiwa Novemba 19. Katika daftari kuna nafasi tupu iliyoandikwa "DSM bado", na wino wa chini yake ni tofauti: Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo 4. Zanzibar, iliyotangulia kupiga kura Oktoba 22, ilisubiri siku nne ili kuambiwa kwamba Salmin Amour amepata asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad 49.8. Pembeni babu ameandika alama ya kuuliza, pekee katika daftari zima.

Kuna jambo la kisheria ambalo babu hakulijua. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Maana yake ni kwamba kwetu tangazo si taarifa tu ya jambo lililokwisha kutokea. Tangazo lenyewe ndilo linalofunga mlango. Kwa hiyo nafasi ya raia kujumlisha mwenyewe ipo kabla ya tangazo, katika fomu zinazobandikwa kituoni, ama haipo kabisa.

Mwaka 2015 Jaji Damian Lubuva alitusomea matokeo kwa mafungu, siku kadhaa, na mamilioni tuliyafuata kwenye televisheni na simu. Wakati huohuo polisi waliingia katika kituo cha waangalizi wa ndani waliokuwa wakikusanya takwimu zao, wakawakamata na kuchukua kompyuta. Nilipolisoma hilo nilimfikiria karani wa Gulwe na safu zake za J na N. Hakuna aliyewahi kumuuliza anajumlisha kwa ruhusa ya nani.

Miaka kumi baadaye, tarehe 1 Novemba 2025, asilimia 97.66 ya Rais Samia Suluhu Hassan ilitangazwa. Vyama viwili vikubwa vya upinzani, CHADEMA na ACT-Wazalendo, havikuwa na mgombea kwenye karatasi ya urais. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu siku ya kupiga kura, na kulikuwa na familia zilizokuwa zikitafuta watu wao. Mimi nilikuwa hapahapa Dodoma, makao makuu ya nchi, na tangazo lilinifikia kwa redio ya jirani kupitia dirishani. Nilitafuta penseli. Sikuwa na tarakimu ya kituo chochote ya kuilinganisha nayo.

Mwanafunzi wangu nimemwazima daftari kwa juma moja, kwa sharti kwamba asilipige picha kurasa zenye majina ya majirani. Wasomaji wenye wazee waliowahi kuandika matokeo kwa mkono, hasa Kondoa, Manyoni na Kongwa, ninaomba mniandikie kabla mchwa hawajatutangulia.