Gari la Mgeni Likikosea: Audi, Toyota na GM mbele ya Marekani

Leo tuache kidogo mambo ya Linux na simu, tuzungumze magari. Msiogope, kompyuta imo ndani, tena nyingi.

Kuna swali ambalo huzuka kila kampuni ya magari ya kigeni inapolazimika kuyarejesha magari yake, yaani kuwaita wenye magari wayapeleke gereji yakarekebishwe bure kwa sababu yana kasoro ya usalama. Swali lenyewe ni hili: je, serikali na runinga za nchi ile zinapiga kelele kwa sababu gari ni bovu, au kwa sababu gari ni la mgeni? Wengi hujibu kulingana na gari wanaloliendesha. Mimi naona historia ya Marekani inatupa jibu lililo bora kuliko hayo, na tunaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Audi na tundu lililofichwa

Tarehe 23 Novemba 1986 kipindi cha 60 Minutes cha kituo cha CBS kilionyesha habari za gari la Kijerumani, Audi 5000. Wenye magari hayo walilalamika kwamba mtu akiwa amesimama, akitoa gia kwenye maegesho tu, gari linachomoka lenyewe kama mshale na breki hazilishiki. Watu walikuwa wameumia na wengine kufa. Kisha watazamaji wakaonyeshwa Audi ambayo kanyagio lake la mafuta linashuka lenyewe bila mguu wa mtu.

Nani angebisha? Ameona kwa macho yake.

Jambo ambalo watazamaji hawakuambiwa ni kwamba mtaalamu aliyetayarisha gari lile alikuwa ametoboa tundu kwenye gia na kuingiza hewa yenye shinikizo kutoka kwenye mtungi. Kanyagio lilishuka kwa sababu ya hewa ile. Mwaka 1989 shirika la serikali la usalama wa barabarani, NHTSA, lilitoa ripoti yake: visa vingi vilitokana na dereva kukanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Audi haikuwa bila lawama kabisa, maana mpangilio wa kanyagio zake ulichangia dereva kukosea, na kampuni iliyarejesha magari ili kuweka kifaa kinachokuzuia kutoa gia bila kukanyaga breki. Kifaa hicho leo kiko karibu katika kila gari la otomatiki, na kimewaokoa wengi.

Lakini Audi ilikuwa imeshaanguka. Mwaka 1985 iliuza Marekani magari kama 74,000. Mwaka 1991 iliuza kama 12,000.

Sasa linganisha. Novemba 1992 kituo kingine, NBC, kilionyesha pikapu ya General Motors ikigongwa ubavuni na kulipuka moto. Nako kulikuwa na siri: watayarishaji walikuwa wamefunga viwashio vidogo chini ya gari ili moto usikose kutokea. GM ikagundua, na Februari 1993 ikaenda mahakamani. Siku iliyofuata NBC iliomba radhi hewani mbele ya taifa zima, na mkuu wa idara yake ya habari akajiuzulu muda mfupi baadaye.

Hila ni ileile, ya kutengeneza picha ili hadithi inoge. Kwa hiyo si kweli kwamba runinga huwaonea wageni peke yao. Tofauti ilikuja baadaye: kampuni ya nyumbani, yenye mawakili na nguvu, iliombwa radhi ndani ya siku moja. Ile ya Kijerumani ilibaki inauguza majeraha, na CBS iliendelea kuitetea ripoti yake.

Toyota: kimya kwanza, kelele baadaye

Agosti 2009, karibu na San Diego, gari la Lexus ES 350 lilishindwa kupunguza mwendo, likaanguka na kuua watu wanne wa familia moja. Mmoja wao alikuwa amepiga simu ya dharura gari likiwa bado mbioni. Sauti ile ilipotangazwa kila mahali, Marekani ilishtuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba kapeti ya sakafuni, iliyokuwa ya gari la aina nyingine, ilikuwa imenasa kanyagio la mafuta.

Hapa nataka usome polepole. Habari ya kapeti haikuwa mpya. Septemba 2007 Toyota ilikuwa imerejesha kapeti 55,000 kwa sababu hiyohiyo. Na waraka wa ndani wa kampuni wa Julai 2009, uliokuja kufichuliwa Februari 2010, uliandika kama ushindi kwamba Toyota iliokoa dola milioni 100 kwa kuishawishi serikali ikubali kapeti pekee zirejeshwe. NHTSA nayo ilikuwa imefungua na kufunga mafaili kadhaa ya malalamiko kuhusu Toyota miaka hiyo bila hatua kubwa. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba serikali ya Marekani ilimwinda mgeni anasahau kwamba kwa miaka mingi serikali hiyohiyo ilimlea.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Mwishoni mwa Septemba 2009 Toyota ilitangaza kurejesha magari milioni 3.8 kwa sababu ya kapeti. Januari 2010 yakaongezeka milioni 2.3 kwa sababu ya kanyagio linalonata, na mauzo ya aina nane za magari yakasimamishwa. Tarehe 3 Februari 2010 Waziri wa Uchukuzi, Ray LaHood, aliwaambia wabunge kwamba mwenye gari lililotajwa aache kuliendesha. Hisa za Toyota zikaporomoka, naye akarudi siku hiyohiyo kusema ulimi uliteleza. Tarehe 24 Februari mjukuu wa mwanzilishi, Akio Toyoda, alikaa mbele ya kamati ya Bunge akaomba radhi.

Ugumu ni huu: tangu Julai 2009 serikali ya Marekani ilikuwa inamiliki karibu asilimia 61 ya GM, mshindani mkubwa wa Toyota. Refa alikuwa na hisa katika timu moja. Na waliosema hivyo hawakuwa Wajapani tu. Magavana wa Kentucky, Indiana, Mississippi na Alabama, majimbo yenye viwanda vya Toyota au vya washirika wake, waliandika barua Bungeni kuilalamikia hali hiyo. Kwao Toyota si mgeni, ni mwajiri. Neno "mgeni" lina mipaka yake hata ndani ya nchi moja.

Runinga nazo? Mwezi huohuo kituo cha ABC kilionyesha jaribio la mhadhiri mmoja aliyeunganisha nyaya fulani za Toyota hadi injini ikapaa bila kompyuta ya gari kutambua hitilafu. Baadaye ABC ilikiri kwamba picha ya mshale wa mizunguko ya injini ukiruka ilichukuliwa gari likiwa limeegeshwa, ingawa iliwekwa kana kwamba liko mbioni. Miaka 24 baada ya Audi, somo halijaingia.

Kuhusu malalamiko, kila mtu aweza kuandikia NHTSA. Baada ya kelele kuanza barua zilifurika, zikiwemo za ajali za miaka ya nyuma, na kufikia Mei 2010 vifo vilivyotajwa kwenye malalamiko tangu mwaka 2000 vilifika 89. Vyombo vya habari vilinukuu hesabu hiyo kama kwamba kila kifo kimeshathibitishwa. Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili: ukitangaza kwamba mtandao una tatizo, simu zitaongezeka maradufu kabla hujagusa kitu.

Msimbo ulisomwa mara mbili

Hapa ndipo kazi yetu inaingia. Watu walishuku kompyuta inayoendesha mafuta, maana kanyagio la siku hizi halivuti waya wa chuma. Linatuma ishara ya umeme, na programu ndiyo huamua injini ipewe nini.

Serikali ilifanya jambo la busara, ikawaita wahandisi wa NASA. Walifanya kazi miezi 10, wakapitia mistari zaidi ya 280,000 ya msimbo wa programu. Februari 2011 ripoti ikatoka: hawakupata ushahidi kwamba elektroniki ndiyo chanzo. Waziri LaHood akatangaza kwamba hukumu imetoka, hakuna chanzo cha elektroniki. Lakini wahandisi wenyewe waliandika kwa tahadhari zaidi: kutopata ushahidi hakumaanishi kwamba jambo haliwezekani. Mwanasiasa alikata maneno yale mkia, safari hii kwa faida ya mgeni.

Msimbo ulisomwa tena. Katika kesi ya Oklahoma iliyohusu Camry ya mwaka 2005, mtaalamu Michael Barr na wenzake waliruhusiwa kuusoma ndani ya chumba kilicholindwa, bila intaneti. Barr aliieleza mahakama kwamba waliona vigeu zaidi ya 10,000 ambavyo kila sehemu ya programu ingeweza kuvigusa, kinga hafifu za kumbukumbu, na kwamba biti moja ikigeuka ingeweza kuua kazi muhimu ndani ya programu bila mfumo kustuka. Oktoba 2013 baraza la mahakama liliwapa walalamikaji dola milioni 3, na Toyota ikapatana nao kabla ya hatua ya adhabu. Hili halithibitishi kwamba kila ajali ilitokana na programu. Kwa kweli NHTSA ilipochunguza visanduku vya kumbukumbu vya magari 58 mwaka 2010, katika 35 breki haikuwa imekanyagwa kabisa. Yote mawili yaweza kuwa kweli: dereva alikosea, na msimbo ulikuwa mchafu.

Kisha Machi 2014 Toyota ilikubali kuilipa serikali dola bilioni 1.2, kwa sababu iliwadanganya wateja kuhusu kapeti na kanyagio. Yaani mambo yaleyale ya kawaida, ambayo hayakuhitaji NASA. Wakati runinga zinakimbiza mzimu wa elektroniki, uongo ulikuwa umelala sakafuni chini ya miguu ya dereva.

Mwenyeji naye

Februari 2014 GM ilianza kurejesha magari kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Swichi ilikuwa nyepesi mno: ukigusa ufunguo kwa goti, injini inazima gari likiwa mbioni, usukani unakuwa mzito na mifuko ya hewa haifunguki. Yalifika magari milioni 2.6, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124.

Wahandisi wa GM walilijua tatizo hilo kwa zaidi ya mwaka wa kumi. Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa kimyakimya bila kubadilishwa namba ya kipuri. Fikiria unarekebisha programu, unaitoa kwa wateja, na namba ya toleo inabaki ileile! Wachunguzi walipolinganisha magari ya zamani na mapya walichanganyikiwa, hadi mhandisi aliyeajiriwa katika kesi ya familia moja huko Georgia alipozifungua swichi mbili na kuona tofauti. NHTSA je? Mwaka 2007 afisa wake mmoja alipendekeza uchunguzi, wenzake wakakataa.

Angalia mwaka huo. Serikali ilikuwa bado haijainunua GM. Kwa hiyo kimya kile hakikutokana na hisa. Kilitokana na ugonjwa uleule ulioilea Toyota: mafaili yasiyosomwa vizuri. Tofauti ni kwamba mgeni alipiwa ngoma mwaka 2010, wakati swichi za mwenyeji zikiendelea kuua bila ngoma kwa miaka minne zaidi.

Tusidhani ni Marekani tu. Tarehe 15 Machi 2013 runinga ya taifa ya China, CCTV, iliishambulia Volkswagen kwa gia zake za DSG, na baada ya siku chache kampuni ikatangaza kurejesha magari 384,181. Wengi walisema mgeni anaonewa. Lakini gia zilikuwa na kasoro kweli, na mwaka huohuo Volkswagen ilirejesha nyingine nyingi nje ya China. Kuonewa hakukufanyi uwe msafi.

Na sisi je?

Kenya magari mengi ni mitumba kutoka Japani. Barua ya kurejesha gari huenda kwa mwenye gari wa Japani, ambaye alishaliuza zamani. Hapa hakuna waziri wa kuteleza ulimi, wala runinga ya kupiga kelele.

Chukua mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha mfuko ukifunguka hutawanya vipande vya chuma. Marekani iliyapa kipaumbele majimbo ya joto na unyevu kama Florida. Malaysia watu wamekufa. Mombasa hali ya hewa yake mnaijua.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kuuliza gari ni la nani, uliza rekodi iko wapi. Na ya kwako iko kwenye logbook: chukua namba ya chesisi, nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyoliunda gari lako, uitafute kwenye orodha ya magari yanayorejeshwa. Kijapani kisikutishe, namba ni zilezile.