Dawa ya Wote

Kila tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Siku hiyo mimi huwaza zaidi habari ya dawa.

Maji ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe yalichanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Hayakuzuia risasi. Lakini tazama yalivyogawanywa: wajumbe walioitwa hongo waliyapeleka kijiji kwa kijiji, kutoka Umatumbi hadi huku Ungoni, nayo yakapokewa na makabila yaliyokuwa hayaelewani.

Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa na maradhi yaliyofuata yaliua watu wengi kuliko bunduki. Yapo makadirio ya vifo yanayofika 300,000.

Hospitali ilikuja baadaye Peramiho, ambako wapiganaji waliichoma misheni mwaka 1905. Dawa za leo zinatibu kweli. Hata hivyo historia yetu inadai mambo mawili zaidi: dawa ifike hadi kijiji cha mwisho, na ikifika, imkute mgonjwa ana chakula ghalani.