Mapigo ya ubongo na mkono uliopooza

Katika ubongo wa mwanadamu kuna sehemu inayoamuru mwendo wa viungo. Iko kama utepe unaoshuka kutoka utosini kuelekea sikio. Upande wa kushoto unaamuru mkono wa kuume, na upande wa kuume unaamuru mkono wa kushoto. Kiharusi kikiharibu sehemu hiyo, mkono hupooza hata kama nyama na mifupa yake ni mizima.

Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Nyingi zikifanya kazi pamoja, umeme huo hupanda na kushuka kwa mapigo. Daktari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, aliyapima kichwani mwa mtu mwaka 1924, akayatangaza mwaka 1929. Juu ya sehemu ya mwendo kuna pigo linalorudi mara 8 hadi 13 kwa sekunde, na lingine la haraka zaidi. Mkono ukitulia, mapigo hayo huwa na nguvu. Mtu akijiandaa kuusogeza, hupungua. Hata akiwaza tu kufunga ngumi, hupungua.

Utayari wa sehemu hiyo unapimwaje? Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba pigo la sumaku juu ya kichwa, bila kupasua, linaweza kuamsha chembe hizo mpaka vidole viruke. Vikiruka sana, sehemu hiyo iko tayari. Vikiruka kidogo, imetulia. Mtu akiwaza kufunga ngumi, vidole huruka zaidi. Lakini hata akitulia, sumaku ileile haileti mruko uleule kila mara. Mwaka 2018, watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliona vidole vikiruka zaidi sumaku ilipopiga wimbi la ubongo likiwa bondeni kuliko likiwa kileleni. Wapimaji wengine hawakuona tofauti hiyo, na uchunguzi unaendelea.

Kwa nini tunawaandikia haya? Kwa sababu katika jamaa zetu wako wanaosema mkono uliopooza umerogwa, na mgonjwa akafichwa nyumbani. Sisi tunasema: ugonjwa uko katika ubongo, na ubongo unaweza kujifunza tena. Watafiti wanajaribu kupiga sumaku kwa kufuata mapigo hayo ili kusaidia waliopatwa na kiharusi, lakini hiyo bado si dawa ya kuuzia shamba.

Linalowezekana kwetu ni hili. Mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mpelekeni mgonjwa hospitalini saa ileile. Baadaye, msaidieni kufanya mazoezi ya mkono kila siku kama waganga wa hospitali watakavyowaonyesha. Kabla ya kila zoezi, mwambieni auwaze mwendo huo akilini. Kuwaza hakuchukui nafasi ya mazoezi, lakini kunayasaidia, wala hakudai franga hata moja.