Tarehe ya Makaburi ya Monticello

Makaburi ya mlima wa Monticello, Virginia, hayakuanza na Thomas Jefferson, ingawa mnara wake ndio mrefu na wageni hupigia picha hapo tu. Wa kwanza kuzikwa pale ni Dabney Carr. Hilo naliandika mapema ili mtu asije akanibishia mwishoni.

Carr na Jefferson walizaliwa mwaka mmoja, 1743, wakasoma pamoja, kisha wakawa mashemeji, maana Carr alimwoa Martha, dada wa Jefferson. Wazee wa ukoo husimulia kwamba ujanani walipanda mlima ule na vitabu vyao, wakakaa chini ya mwaloni mkubwa, wakaahidiana kuwa atakayetangulia kufa azikwe pale na atakayebaki. Machi 1773 Carr alisimama katika baraza la Virginia akatoa hoja ya kuunda kamati za kuwasiliana na makoloni mengine. Mei 16 homa ikamchukua, akaacha mjane na watoto sita. Jefferson alikuwa safarini, kwa hiyo Carr akazikwa Shadwell, shamba la akina Jefferson. Jefferson aliporudi akaamuru afukuliwe, apandishwe mlimani chini ya mwaloni wao.

Mei 22 Jefferson akafungua daftari lake la bustani, akaandika kwamba watu wawili wamefyeka na kung'oa visiki uwanja wa makaburi, futi 80 kila upande, kwa saa 3 na nusu. Kwa hiyo mtu mmoja angetumia saa 7, na eka nzima ingemchukua saa 49, yaani siku 4. Anamzika kipenzi chake huku anapiga hesabu ya jembe! Majina ya wale wawili hakuyaandika, nami sina shaka walikuwa watumwa. Hao ndio waasisi wa makaburi yale, wao na Carr. Mtumwa wa Jefferson aitwaye Jupiter naye alizaliwa Shadwell mwaka uleule wa 1743, akamtumikia Jefferson tangu ujana hadi alipofariki mwaka 1800. Hana jiwe.

Baada ya Carr alizikwa mama yake Jefferson, Jane, 1776. Mke, Martha, 1782. Binti, Maria, 1804. Jefferson mwenyewe alifariki Julai 4, 1826, Azimio la Uhuru likitimiza miaka 50, siku ileile aliyokufa John Adams.

Hapa nisimame kidogo kwa ajabu ya jiwe. Jefferson aliacha maelekezo: jiwe liwe la kukwaruza, la thamani ndogo, ili asitokee wa kulivunja kwa kuitamani mali yake. Wakatokea wa kulivunja kwa kumtamani yeye. Wageni walilimegua vipande vya ukumbusho hadi likachakaa, na mwaka 1882 Bunge la Marekani likatoa fedha za kusimamisha mnara mpya, mkubwa zaidi. Ule wa zamani ulipewa Chuo Kikuu cha Missouri, na uko huko hadi leo. Kwa hiyo anayepiga picha Monticello anapiga jiwe la serikali.

Turudi kwa ukoo. Deni la marehemu lilikuwa kubwa. Januari 1827 watu 130 walinadiwa palepale pamoja na ng'ombe na vyombo, na 1831 nyumba yake nayo ikauzwa, ila makaburi warithi waliyazuia. Uriah Levy aliinunua nyumba baadaye, na mama yake, Rachel, akazikwa mlimani 1839, nje ya uzio wa ukoo. Mwaka 1913 wazao wa Jefferson waliunda Chama cha Monticello kushika ufunguo wa makaburi.

Ufunguo huo ndio ulioleta ugomvi. Madison Hemings, mwana wa Sally Hemings, mtumwa wa Jefferson, alieleza gazetini Ohio mwaka 1873 kwamba baba yake ni Jefferson. Kwa miaka 125 ukoo wa kizungu ulimwita mzushi. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba uzao wa Eston, mdogo wake Madison, una damu ya kiume ya akina Jefferson. Mwaka uliofuata wazao wa akina Hemings wakaalikwa kwenye mkutano wa ukoo, wakala pamoja. Mwaka 2002 chama kikapiga kura, kikawanyima uanachama, na pamoja nao haki ya kuzikwa ndani ya uzio. Mimi nasimama na Madison. Kura haimtoi mtu katika nasaba yake, na wale waliowakatalia wazao wa Hemings kaburi, Carr angewahesabu wageni.

Nje ya uzio huo, mwaka 2001 wachimbuaji wa mambo ya kale walithibitisha makaburi ya watumwa karibu na maegesho ya magari. Hayapungui 40, mengine ya watoto, yakiwa na mawe ya shambani kichwani na miguuni yasiyoandikwa kitu. Majina ya watumwa Jefferson aliyaweka katika daftari lake la shamba, pamoja na mgao wao wa mablanketi na samaki. Mpaka sasa hakuna aliyeweza kuoanisha hata jina moja na kaburi moja kati ya hayo.